Miiba Ndani ya Supu ya Mkebe

Homa ya matumbo ilipomwachia Sylvain, ilimwachia ngozi na macho tu. Fundi mzima wa mafriji, mwanaume aliyezoea kutembea na kompresa begani huku anapiga mluzi, sasa kutoka kitandani mpaka mlangoni ilikuwa safari ya kupumzikia njiani. Dokta alisema dawa zimemaliza kazi yake, kilichobaki ni chakula: supu nzito, kidogo kidogo, kila siku. Asipokula hatafika mbali. Hayo alimwambia Kiki pembeni, lakini Sylvain aliyasikia.

Kiki, mke wake, hakuwa mtu wa jiko, tusifichane. Alikuwa mtu wa soko, wa nguo za watoto, anatoka asubuhi na baridi ya mtaa wa Annexe na kurudi jua likizama. Kwa hiyo akamwita mama yake, Mama Nkandu, kutoka Kasenga. Mama akaja na kifurushi kikubwa cha makobo, samaki wa mto Luapula waliokaushwa kwa moshi, na siku ileile akaweka chungu juu ya mbabula, lile jiko la makaa, nyuma ya nyumba. Kiki akaleta bakuli chumbani.

“Nani alipika?” Sylvain akauliza.

“Mama.”

Akalisukuma bakuli taratibu. “Unajua siwezi. Sijaingizwa.”

Kwa watu wa upande wa Kiki, mkwe hali chungu cha mama mkwe wake mpaka aingizwe. Familia inakusanyika, mama anampikia, anamfunulia chakula mbele ya watu, na kuanzia hapo ni mtoto wa nyumba. Kabla ya siku hiyo hawaangaliani usoni wala hawasemeshani. Siku ya Sylvain ilitakiwa iwe mwaka uleule wa ndoa, lakini baba yake Kiki akafariki, ikasemwa tungoje matanga yaishe. Matanga yakaisha. Miaka ikapita, hakuna aliyefungua mdomo. Sylvain, mtoto wa watu wa reli waliotoka kaskazini, aliamini anaijua sababu: yule mama hakumtaka. Jambo hilo lilimuuma kuliko tumbo, na hakuwahi kumwambia mtu.

Basi wakaishi hivyo, mkwe na mama mkwe, uwanja mmoja. Sylvain akitoka kwenda chooni anakohoa, na Mama Nkandu anajificha nyuma ya kichuguu kikubwa chekundu kilichosimama katikati ya uwanja. Alichoona Sylvain ni pindo la kitenge tu, likipotea.

Kiki akanunua supu za mikebe dukani. Supu ya kuku, mkebe ulisema, na picha ya kuku ilikuwapo, lakini kuku mwenyewe sijui alipitia wapi. Ilikuwa chumvi na maji ya njano, na vipande vya tambi vimelala chini. Sylvain alimeza vijiko viwili akatapika vitatu. Kiki akamtazama, akatazama mkebe, akauchukua akatoka.

Kesho yake mkebe ulikuja tena, mfuniko umekunjwa, mvuke unatoka. Sylvain akaweka kijiko mdomoni kwa kumfurahisha mke wake, akaongeza cha pili.

Supu ilikuwa nzito. Ilikuwa na karanga zilizotwangwa, na majani laini ya boga, na moshi kwa mbali. Iliteremka polepole, ikafika tumboni, ikakaa. Sylvain akafumba macho, na chumba kikaanza kuondoka. Mashina ya boga yaliingia kwa dirisha, yakapanda miguu ya kitanda, yakafungua maua ya njano juu ya blanketi. Marehemu mama yake alikuwa ameketi pale miguuni, anapepeta karanga, na maganda yalielea hewani bila haraka ya kuanguka. Hakuna aliyemwuliza kitu. Alipozinduka mkebe ulikuwa mtupu, na jasho lilikuwa limemtoka, jasho zuri.

“Hii umenunua wapi?” akauliza jioni.

“Duka lingine,” Kiki akasema, na akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari.

Ikawa hivyo kila mchana. Maharage yaliyoiva mpaka yakasahau umbo lao. Mguu wa ng'ombe uliolala motoni tangu alfajiri. Na kila mara, akishakunywa, maji mapana yasiyo na kelele yaliingia chini ya mlango, kitanda kikainuka kidogo, na yeye akaenda nayo, mwepesi, huku akisikia kwa mbali mtu anagonga mwiko. Mashavu yakaanza kurudi. Akawa anaota hata akiwa macho, na akawa anausubiri mkebe kama mtoto anavyosubiri mama atoke sokoni.

Halafu siku moja kitu kikamchoma ulimi. Akakitoa kwa vidole, akakiinua kwenye mwanga. Mwiba wa makobo.

Akaugeuza mkebe. Chini ulikuwa mweusi kwa masizi, na karatasi ya kuku ilikuwa imechakaa kwa kuoshwa. Ulikuwa mkebe uleule, siku zote. Na nje, nyuma ya ukuta, mwiko uligonga ukingo wa chungu, sauti ileile ya ndotoni.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Amekula chungu cha mama mkwe, kijiko kwa kijiko, bila kuingizwa. Je, mama mwenyewe alijua, au Kiki alikuwa anamwibia mama yake heshima yake? Kama hakujua, Sylvain amemkosea kwa namna isiyofutika. Kiki alikuwa sokoni. Hakukuwa na wa kumwuliza ila mmoja.

Akainuka. Akashika ukuta, akashika mlango, akatoka juani na mkebe mkononi. Alisahau kukohoa. Mama Nkandu akasikia miguu, akaanza kusimama akimbilie kichuguu chake, lakini Sylvain alikuwa amekwisha keti chini, vumbini, akampa mgongo. Naye mama akakaa polepole, akampa wake. Wakawa hivyo, mgongo kwa mgongo, chungu kikichemka katikati.

“Mama,” Sylvain akauambia ukuta, “hii mukebe iko na miba.”

Makaa yalipasuka kidogo.

“Nilimwambia Kiki achuje muzuri,” sauti ikasema. “Ule mutoto hana subira.”

“Mulijua?”

“Ni mimi njo nilimupa akili ya mukebe. Mulikuwa munakufa na heshima yenu.”

Sylvain alitaka kucheka. Akasema lile alilolibeba miaka yote: “Mama, nilizani hamunipendi. Hamukuniita hata siku moja.”

“Kuita?” Mwiko ukasimama. “Kwetu, watu wa mwanaume njo banaleta kuku ya kuomba siku. Nilingojea ile kuku mpaka nikachoka. Nikasema, hawa bantu ba reli, banatuona sisi ba ku mutoni kama si bantu.”

“Kwetu, mama wa mwanamuke njo anaita,” Sylvain akasema. “Kujiita mwenyewe ni haya.”

Miaka yote ile, kila mmoja ameketi kwake, anaangalia barabara. Sylvain akanyoosha mkebe nyuma ya mgongo wake, akaomba kidogo tena.

Mkebe haukupokelewa. Alisikia mama anasimama, anaondoka, nyayo zinazunguka, akajua ameharibu kila kitu. Kisha kitenge kikamjia mbele. Mama Nkandu akachuchumaa, akamtoa ule mkebe mkononi akautupa, akaweka mapajani mwake bakuli jeupe la nyumba, limejaa.

“Kula, mutoto wangu,” akasema.

Akala, na machozi yakaingia ndani ya supu wala hakujisumbua kuyafuta. Mama hakuondoka. Alipomaliza Sylvain akainua uso, akamwangalia kwa mara ya kwanza, akaona Kiki alipata wapi yale macho, kisha akanyoosha bakuli aongezewe.