Sifa za Kumzika Mratibu

Mradi wa kushona ulipofikia ukingoni, wafadhili walituma mtathmini aje aone kama wanawake wamefaidika. Mratibu akakosa usingizi. Gari alilopewa, ofisi yenye feni, heshima yake mtaani, vyote vilining'inia kwenye awamu ya pili. Akamwendea dada wa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mpole.

"Wifi yangu, wewe una ulimi mtamu. Mgeni akiuliza, semeni mmefaidika. Halafu mwishoni ombeni awamu ya pili, kwa sauti ya huruma kidogo."

"Hilo tu, wifi? Ondoa shaka," Mpole akajibu, huku anachambua mchele.

Mwanzoni mwa mradi, siku ya kugawa cherehani, moja ilikuwa imeandikwa jina la Mpole kwa chaki. Mratibu alilifuta kwa kiganja mbele ya watu, akacheka: "Wewe na darasa lako la saba utaitunza wapi mashine hii?" Jioni hiyo hiyo cherehani ikawa barazani kwa mdogo wake mratibu. Wenzake Mpole wakaambiwa zao ziko njiani, na njiani ndiko zilikobaki. Mpole hakulia. Aliwapisha wabebaji, akaanza kusubiri.

Sasa akapita nyumba kwa nyumba.

"Si tuseme ukweli tu?" Mama Pacha akauliza.

"Atasema tuna wivu, na ataaminiwa yeye. Tumsifu. Tumsifu mpaka akose pa kushika."

"Na awamu ya pili ikifa?"

"Ya kwanza ulipata nini?"

"Soda."

"Basi umeshakunywa, shoga."

Siku ikafika. Ukumbini zilipangwa cherehani ambazo mratibu aliziazima kwa mafundi wa sokoni, zimefutwa vumbi zinang'aa. Mtathmini, mzee mwenye sauti ya chini, aliuliza hili na lile, kisha akasema, "Mradi ukiondoka, mtakwama wapi?"

Mratibu akamkonyeza Mpole. Ndiyo zamu ya huruma.

"Hatukwami popote, mzee," Mpole akasema. "Kila mmoja ana cherehani yake, na tunafundisha wengine. Tunaomba msaada huu uende kwa wenye shida kuliko sisi. Mratibu wetu kazi ameimaliza."

"Kabisa," Mama Pacha akadakia. "Mimi hapa nimeacha wateja mlangoni."

Ukumbi ukaitikia. Mzee akavua miwani, akaifuta. "Sijawahi kukutana na kikundi kinachosema kimetosheka."

"Wanaona haya tu," mratibu akainuka. "Bado wana mahitaji."

"Mahitaji gani?"

Mratibu akageuka. Akazitazama cherehani za watu, akawatazama wanawake wa mradi, wote wametulia kama maji ya mtungini. Angetaja hitaji moja tu, angeulizwa cherehani za mradi ziko wapi, akajifunga kamba mwenyewe.

"Ya hapa na pale," akasema, akakaa.

Ripoti ilisema mradi umefaulu, ufungwe. Gari likachukuliwa, ofisi ikapewa watu wengine. Mratibu akaja kwa Mpole kwa miguu, viatu vimejaa vumbi.

"Wifi, ungeniambia tu. Ningekurudishia."

"Nirudishie sasa."

"Mdogo wangu ameshaiuza."

Mpole akaitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyekuwa anangoja jibu hilo hilo. Hakumkaribisha kiti. Akaegemea mlango, akamtazama mke wa kaka yake akitafuta neno la kusema, naye hakuwa na haraka yoyote ya kumsaidia kulipata.