Kesho ya Wenyeji

Katika uwanja ule mdogo wa ndege, kabla hujaruhusiwa kupanda, ulipimwa wewe pamoja na mzigo wako. Ndege zenyewe zilikuwa za viti vichache, na marubani hawakupenda kubahatisha. Aliyesimama nyuma ya mizani alikuwa mwanamke wa makamo ambaye kisiwa kizima kilimwita Bi Kilo. Alijua uzito wa karibu kila mtu mzima wa pale na hakuwahi kutoboa siri ya mtu, hata ya mke wa mwalimu mkuu, ambaye kila akipanda mizani alibana pumzi, kana kwamba pumzi nayo ina kilo.

Ndege ikizidi uzito ilibidi mtu abaki, na aliyebaki siku zote alikuwa mwenyeji. Hakuna aliyeliandika hilo popote. Bi Kilo alifundishwa na mkuu wake wa kwanza: mgeni ana ndege nyingine ya kuwahi huko mbele, na akiudhika atakwenda kutusema kwao, mwenyeji ana kitanda chake, atapanda kesho. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Pale uwanjani jembe alipewa mwenyeji, tena tangu siku ya kwanza. Bi Kilo alimgusa mtu begani, akamwambia kwa upole, "Kesho, Mungu akipenda," na mtu akachukua mfuko wake akarudi nyumbani. Hawakugomba, naye akaamini kwamba kwa kuwa hawakugomba, basi hawakuumia.

Asubuhi hiyo barabara ya kurukia ilikuwa imejaa madimbwi, maana mvua ilikesha ikinyesha. Rubani aliikagua kwa miguu, akarudi viatu vimelowa chapachapa, akasema hataruka na mzigo kamili. Mmoja abaki.

Wenyeji waliokuwa na tiketi walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa fundi cherehani wa sokoni, mama mtu mzima, begi lake miguuni. Wa pili alikuwa mdogo wake Bi Kilo mwenyewe, kitinda mimba wa kwao.

Baba yao alikuwa amelazwa hospitali ya bara, na kesho asubuhi angefanyiwa upasuaji wa moyo. Yeye na kitinda mimba wake hawakuwa wakisemezana tangu kijana alipouza kipande cha kiwanja cha familia bila kumshirikisha mtu. Sasa mzee alikuwa amepiga simu mwenyewe, amesema njoo nikuone kabla hawajanipasua. Kijana alikuwa na kichwa kigumu, na Bi Kilo alimbembeleza mpaka akakauka koo ndipo akakubali. Bahari ilikuwa imechafuka, boti zimezuiwa. Ndege ya kesho ingefika mzee yuko tayari chini ya kisu, na kwa umri ule daktari hakuwa ameahidi chochote.

Bi Kilo akamtazama mdogo wake, kisha akamtazama fundi. Mkono wake ulishajua bega la kugusa, naye akajichukia kwa jinsi ulivyojua upesi. Fundi hakumngoja. Alisimama mwenyewe, akaokota begi lake.

"Ni mimi, siyo?" akasema. "Usihangaike, mwanangu. Nimeshazoea."

Ingekuwa rahisi kuitikia. Neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Lakini lile "nimeshazoea" lilimchoma. Upande wa pili wa chumba wageni walikuwa wameketi wakipigana picha, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe Bi Kilo alijiuliza kwa nini hajawahi kuwaendea. Akavuka chumba kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Kwa lugha yao, aliyoiokota kazini neno moja moja, aliwaeleza habari ya mvua na uzito, akauliza kama yupo anayeweza kungoja mpaka kesho.

Alitegemea makelele. Mzee mmoja mwenye kofia pana, pua imebabuka kwa jua, aliinua mkono kabla hata Bi Kilo hajamaliza. Alisema hana haraka yoyote. Nyumbani kwake kuna baridi, na paka ambaye hata hampendi. Alichotaka kujua ni kama mchana bahari itakuwa imetulia arudi kuogelea. Basi, mambo yakaishia hapo.

Furaha ilimjaa Bi Kilo hadi machozi. Mdogo wake alimkumbatia, akasema, "Dada, nitamwomba radhi," akatoka haraka kuelekea kwenye ndege. Bi Kilo akageuka kumhimiza fundi naye aende. Fundi alikuwa bado amesimama palepale, anamtazama yule mgeni.

"Kumbe wanaulizwa," akasema.

"Leo nimejaribu tu, mama."

"Mwaka jana ulinigusa bega hapa hapa. Nilikuwa nakwenda kumzika mama yangu. Nikamzika kwenye simu, ndugu yangu ameisogeza kaburini ili nisikie udongo ukimwagwa."

Bi Kilo alijaribu kumkumbuka siku hiyo, akashindwa. Aliona mabega tu, mengi, yakirudi nyumbani moja moja. Aibu ilimshika hata akashindwa kuinua macho.

"Mbona hukuniambia?"

"Mtu akishaambiwa kesho, aseme nini tena?" Fundi hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililozidi kuuma. "Niambie kweli. Kama yule kijana asingekuwa mdogo wako, leo ungekwenda kuwauliza?"

Nje rubani aliwasha injini. Bi Kilo angeweza kujifanya hakusikia.

"Nisingekwenda, mama."

Fundi akatikisa kichwa taratibu, kama anayepima kitambaa akakikuta kifupi vile vile alivyodhani. Akatundika begi begani, akatoka kwenda kwenye ndege, akikwepa madimbwi.