Shikamoo ya Nyuma

Shemeji alikuwa anacheka na kocha wa wapinzani kwenye korido ya hoteli, nje ya chumba cha kufulia. Nilisimama na jezi zangu mbichi mkononi. Aliponiona, kicheko kikakatika kama redio iliyochomolewa.

"Aa, shemeji! Namsaidia kuulizia sabuni."

Sabuni. Kocha mzima!

Alikuwa mkalimani wa timu yetu, mume wa dada yangu, na mimi ndiye niliyempigia debe apate kazi hiyo. Mashindano yenyewe yalikuwa madogo: nchi nne changa katika raga ya wanawake, uwanja mmoja, mechi tatu kwa kila timu. Bingwa angepanda daraja. Wengine wangerudi nyumbani kusubiri miaka miwili. Tulishinda ya kwanza kwa tabu, ya pili tukapoteza, na kilichotuponza ni mipira yangu.

Mimi ndiye mrushaji. Mpira ukitoka nje, timu hujipanga mistari miwili, nami huurusha katikati yao. Mwenzetu mmoja hunyanyuliwa juu audake. Kocha wetu alitutungia ishara za salamu, maana wageni hawakujua Kiswahili. "Hodi" ni wa mbele, "Habari" wa katikati, "Shikamoo" wa nyuma, aliposimama mkongwe wetu. Tulimwita Bibi, ingawa alikuwa na miaka thelathini na saba tu na mabega mapana kama mlango.

Hodi zilifika. Habari zilifika. Kila shikamoo ilidakwa na wapinzani.

"Angekuwapo msaliti angeuza zote," alisema Bibi asubuhi ya mechi ya mwisho, akijifunga bandeji vidoleni.

"Anauza moja ili tusishtuke."

"Wewe ungekuwa askari kanzu."

"Bibi, nani mwingine anazijua lugha zote mbili?"

Nikaenda kwa meneja.

Meneja alimvua shemeji kitambulisho, akamwamuru abaki ndani ya basi, akamnyang'anya simu na kunikabidhi mimi. Shemeji hakubisha.

"Dada yako akipiga, atajibiwa na nani?"

"Asipige," nikasema.

Shikamoo ya kwanza ya mechi hiyo ikadakwa vilevile. Nikamshuku dereva.

Zilipobaki dakika tatu tulikuwa nyuma kwa pointi nne, na mpira ukatoka nje karibu kabisa na mstari wao wa goli. Nikaita shikamoo. Siku zote, nikishaita, macho yangu huwa kwenye mikono ya mdakaji. Safari hii yalimwangukia yule mrefu wa wapinzani. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama kidevu cha Bibi.

Kidevu kikashuka. Midomo ikacheza: *Marahaba.*

Mpira ukanitoka vibaya, ukaangukia kati ya mistari, wakaubutua tena nje. Nikajifuta mikono polepole, nikampitia wa mbele. "Usisikilize nitakachoita. Ni wako."

"Shikamoo!" nikapaza sauti.

Bibi akaitikia, kama alivyofunzwa tangu hajaota meno. Wapinzani wote wakakimbilia nyuma. Wa mbele akaudaka peke yake, tukamsukuma kwa pamoja, akaulaza ng'ambo ya mstari. Pointi tano.

"Nimefanya nini?" Bibi aliuliza filimbi ya mwisho ilipolia, wenzake, niliokwisha kuwanong'oneza, wakimcheka huku wanalia.

"Umelelewa vizuri," nikamwambia.

Basi lilikuwa limeegeshwa juani. Shemeji alikaa kiti cha dirishani, mikono juu ya magoti, pale pale alipoambiwa akae.

"Mmeshinda?"

"Tumeshinda."

"Na msaliti mmempata?"

Nikaitoa simu yake. Ilikuwa imepigwa mara tisa, zote dada. Nikamnyooshea, hakuipokea. Tulikuwa rika moja, tulizoea kutaniana, na maneno yaliyonitoka sikuwahi kumwambia hata siku ya harusi yake.

"Shikamoo, shemeji."

Akageuka dirishani. Nikabaki nimesimama, simu mkononi, nikitazama kidevu chake.