Gauni Lililoshika Kipaza Sauti

Usiku wa kuamkia mahafali, Shemsa aliota kwamba gauni lake limemtangulia ukumbini.

Hakushangaa sana. Shangazi yake, Bi. Mwanakheri, alikuwa akimwambia kila mara kwamba mavazi hufika kabla ya mwenyewe, naye akachukulia kuwa huo ndio utaratibu. Kilichomtia hofu ni hotuba. Yeye ndiye aliyechaguliwa kuwashukuru walimu kwa niaba ya wahitimu wote wa uuguzi, na gauni lilikuwa limeshashika kipaza sauti.

Ni gauni jekundu, fupi, la kubana, alilochaguliwa na rafiki yake Mwasiti.

"Nitazameni!" linasema. Linafikiri. "Nitazameni!"

Shemsa anapanda jukwaani amejifunga shuka la kitandani. "Niachie na mimi niseme."

"Useme nini tena?" gauni linauliza. "Yote ninayoyajua nimeshayasema."

Mlangoni linaingia dera alilonunuliwa na shangazi, la maua ya buluu, pana kama hema. Linakohoa kwa adabu.

"Msimtazame!" linasema.

"Nitazameni!"

"Msimtazame!"

Walimu wanageuza shingo huku na huku. Mkuu wa chuo anaomba dawa ya kuchua. Shemsa amesimama katikati, na katika kelele zote hizo hakuna aliyelitaja jina lake. Hilo likamuuma. Akapiga mguu chini.

Ukumbi ukawa chumba cha fundi. Cherehani nyeusi, iliyovaa miwani, ikauliza, "Nishone hadi wapi?"

"Juu!" likasema gauni.

"Chini!" likasema dera.

"Nyinyi ni vitambaa. Namuuliza mwenye mwili."

Shemsa akafikiri. Hakuwahi kuulizwa.

"Nataka nikikaa nisivutevute," akasema. "Nikiinama nisiogope. Na nikitembea, nipige hatua."

"Hapo ni chini ya magoti. Kwa ajili ya shangazi?"

"Hapana."

"Kwa ajili ya watu?"

"Watu wana nguo zao. Kwa ajili yangu."

"Basi hicho ndicho kipimo," ikasema cherehani, ikaanza kucheka, tak-tak-tak, hata miwani ikaanguka.

Dera likajitazama. "Mimi nimezidi kidogo," likakiri, likajichania pindo na kumpa mwenzake. Gauni likalipokea kwa aibu, likashusha pumzi. Kumbe muda wote lilikuwa limejibana.

"Kumalizia ni kwa mkono," cherehani ikasema. "Hiyo kazi yako."

Shemsa akashona huku akiimba. Kabla hajafunga uzi, akaitwa jukwaani; akalivaa gauni, akapanda.

"Leo niseme nini?" gauni linamnong'oneza.

"Leo wewe nipendeze tu. Nitasema mimi."

Akasema. Akamtaja yule mama aliyejifungua umeme umekatika, akampa mtoto wa kiume jina la Shemsa kabla taa hazijawaka. Mkuu wa chuo akacheka mpaka shingo ikapona. Mwasiti na Bi. Mwanakheri wakapiga vigelegele kwa pumzi moja, na vigelegele hivyo ndivyo vilivyomwamsha.

Kumekucha. Gauni jekundu linaning'inia mlangoni, limefika chini ya magoti. Pindo lake ni la maua ya buluu, limeshonwa kwa mkono kuzunguka lote, isipokuwa kipande kisichozidi kidole.

Hapo sindano inaning'inia na uzi wake. Shemsa akaigusa. Bado ilikuwa na joto.

Akaketi kitandani, akamalizia.