Uso wa Jirani

Jumamosi mchana, Adrienne akiwa anasonga bukari, ugali wa kwao, jicho lake la kushoto lilivimba likafumba. Alimaliza kusonga, akapakua. Ng'ambo ya ukuta, kwa jirani yake Stéphanie, sahani ilikuwa imevunjika na mtu alikuwa amenyamaza ghafla.

Adrienne alizaliwa hivyo. Redio ikipigwa juu, meno yalimuuma. Mtoto wa watu akichapwa, yeye ndiye aliyekosa usingizi. Na tangu wahamie nyumba hizi za kampuni kule Shituru, Stéphanie akipigwa, alama zilitokea kwa Adrienne. Maumivu yalibaki kwa Stéphanie mwenyewe, ambaye alikwenda sokoni na ngozi nyororo.

Jioni hiyo, kwenye maombi ya kanisani, waliliona jicho, wakadhani amepigwa na mumewe, wakamwita huyo mume, Alphonse, mtu asiyeweza hata kuchinja kuku. Aliyewekwa kumkaripia ni shemasi Floribert, mume wa Stéphanie. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo yenyewe ilikuwa suti. Alimsomea Alphonse mistari ya upole, na Alphonse, kwa kuogopa baraza la kanisa, akaomba msamaha. Jicho halikumuuma Adrienne; hilo lilimuuma.

"Alphonse hanipigake," Adrienne alimwambia shemasi. "Hii jicho ni ya bibi yako, papa diacre."

Hakuna aliyeshtuka. Pasta alisema watu wa namna hiyo wapo, na dawa ni siku tatu za kufunga.

"Ngozi yako iko mwepesi sana, mama. Tutakuombea ikuwe nguvu."

"Na Stéphanie, nani atamuombea?"

"Ile ni mambo ya nyumba ya batu."

Adrienne alirudi nyumbani na hasira. Alifunga dirisha, akatia miguu ndani ya beseni la maji baridi, akakaa mpaka moyo ukatulia. Ndivyo alivyojitunza tangu utotoni, watu wakimwita mdekaji. Kisha akamwambia mumewe hatafunga hata saa moja.

"Miye nikikuwa na ngozi nguvu, maumivu ya Stéphanie itaonekana wapi?"

Kesho yake, Jumapili, alivaa kitenge chake cha njano, akaketi benchi la mbele, uso wazi. Floribert alimwinamia.

"Funika uso, mama. Batoto banaangalia."

"Baangalie."

Benchi lile likawa lake. Wanawake wakiingia walimtazama yeye kwanza, kisha Stéphanie, kisha wakafungua vitabu vya nyimbo. Floribert aliendelea kuwa shemasi. Halafu Jumapili moja, katikati ya wimbo, Stéphanie aliondoka kwenye viti vya wake za mashemasi, akaja kukaa kando ya Adrienne, akamshika mkono.

Jioni hiyo Adrienne akiwa anaosha majani ya sombe, kidole cha mkono ule kilivunjika. Alikifunga kwa kitambaa. Jumapili iliyofuata aliuweka mkono juu ya goti, kila mtu auone, akasogea kidogo kuacha nafasi. Stéphanie akaja, akakaa palepale.