Sabufa Iliyoota Moto

"Kitendawili!" alisema Bi Somoe, hata kapu la muhogo hajalitua.

"Tega," mumewe akajibu bila kugeuka.

"Mzee wangu kitini hakai, hulala chini pembeni. Mdomo wake tundu moja. Akiguna, vikombe kabatini vinaamkiana."

Mzee Athumani akakuna ndevu. Akataja chura. Akataja chungu. Akamtaja na mkwe wao anavyokoroma. Vyote sivyo.

"Basi nipe mji."

"Chukua Nanyamba."

"Nimekwenda Nanyamba, nimetafuna korosho zao zote, na jibu sikupi. Litakuja lenyewe kesho baada ya adhuhuri."

Zamani mzee angemwandama mpaka jikoni, amsumbue hata jibu limtoke. Siku hizi aliguna tu, akaendelea kutazama ukuta. Guno lile lilimuuma Bi Somoe kuliko tusi.

Athumani alikuwa mpigaji ngoma kubwa. Kutoka Magomeni pale mjini Mtwara mpaka vijiji vya ndani, watu hawakupanga harusi kabla ya kumwuliza ana nafasi lini. Halafu vidole vikakakamaa, vikapinda kama mizizi ya tangawizi, na ngoma akaiacha. Kilichobaki ni kaseti moja tu, iliyorekodiwa siku ya harusi ya binti yao Halima, mwaka tisini na tatu.

Taabu ni kwamba kwenye redio yao ndogo kaseti ile ilitoa nyimbo, vigelegele, na chapuo, ile ngoma ndogo ya Mzee Ismaili, likilia ti-ti-ti kama mvua juu ya bati. Ngoma kubwa haikusikika. Ukitega sikio sana ulipata kitu kama mtu anayekung'uta mkeka nyumba ya tatu. Ismaili, mtani wao wa tangu ujana, aliifanya hiyo kuwa chakula chake.

"Mtani, siku ile ulikwenda kupiga ngoma au kuilinda isiibiwe?"

Mwanzoni Athumani alimrudishia matusi ya utani, baraza zima likacheka. Lakini mwezi wa Ramadhani uliopita, wakiwa wamekaa na uji, alimwambia mkewe taratibu, "Huenda mtani asema kweli. Huenda mikono yangu ilikwisha tangu siku ile, watu wakanionea haya tu." Akaificha kaseti chini ya mashuka. Na kile kimchezo chake cha kugonga gonga kikombe cha chai kwa vidole, nacho akakiacha.

Ndipo Bi Somoe akapata habari njema kwa Mwalimu Rozalia wa Rahaleo, aliyekuwa akimpelekea muhogo. Mwalimu alipata uhamisho wa kwenda Singida, akawa anauza vitu vya nyumbani. Kati ya kitanda na meza palikuwa na sanduku jeusi lenye tundu mbele, na spika zake ndogo mbili.

"Hii si ndiyo iliyokuwa inanigonga kifuani nikiwa bado getini, ukifungulia kwaya zako?"

"Ndiyo hiyo, bibi. Sabufa. Sauti nene zote zinapita humo."

"Na kwenye redio yetu sauti nene zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote. Zimo kwenye kaseti, ila spika ndogo haiwezi kuzitoa." Mwalimu akasita. "Nisikufiche lakini. Tangu masika ilikaa stoo, na tangu hapo imepoa. Sijui ina nini."

Bi Somoe alisikia lile la kwanza tu. Walipatana, sehemu kwa fedha ya korosho, sehemu kwa makopa ya muhogo ya kula njiani.

Jioni ile akarudi nyumbani na kitendawili chake; kesho yake baada ya adhuhuri Mwalimu aliileta mwenyewe kwa toroli. Ismaili aliiona tangu barazani, akaifuata nyuma mpaka sebuleni bila kukaribishwa. Bi Somoe alitandika kitambaa alichofuma juu ya kabati, akaikweza sabufa pale kama bwana harusi.

"Huyu hakai juu, bibi," Mwalimu akacheka. "Mteremshe sakafuni, pembeni."

"Wallahi nilisema mwenyewe, na nimesahau!"

Waya mwekundu ukaingia penye wekundu, mweupe penye weupe, ncha ya pili kwenye tundu la hedifoni la redio. Taa ya buluu ikawaka. Bi Somoe akatoa kaseti chini ya mashuka, na mumewe alipoiona akakunja uso, lakini akakaa.

Nyimbo zikajaa chumba. Chapuo likalia. Ngoma kubwa ikaja: pu... pu... kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi.

Ismaili akapiga makofi. "Mtani! Hata sanduku la Mwalimu limekataa kukutolea ushahidi!"

Athumani akainuka kwenda zake uani. Lakini penye mlango mzee akasimama, akarudi, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya ule uso mweusi wa sabufa.

"Imepoa," akasema. "Imelala kwa unyevu. Hii haijaota moto."

"Baba, hiyo si ngozi, ni karatasi!" Mwalimu akamwambia.

Nani wa kumsikia? Alishachomoa waya, kaikumbatia, katoka nayo uani. "Leteni makuti! Makavu! Mtani, acha kukenua, washa!" Makuti yakashika, naye akaigeuza geuza sabufa mbele ya moto, vilevile alivyokuwa akizipasha ngoma zake kabla ya mchezo.

"Itaungua!" Mwalimu akataka kumkimbilia.

Bi Somoe akamshika mkono. Ni miezi hajamsikia mume wake akiamrisha mtu. "Mwache, mwalimu. Nimeshainunua. Ikiungua, imeungua yangu."

Moshi ukaingia tunduni. Sabufa ikakwaruza kwa ndani. Mara panya, mnene kama embe bolibo, akachomoka, akapita juu ya mguu wa Ismaili, na mzee wa watu akajikuta amesimama juu ya kinu.

"Mtani, shuka! Ameshakusamehe!" Athumani akamwambia.

Kwa waya uliopindwa wakavuta tunduni makumbi ya nazi, matambara na nusu ya soksi.

"Soksi ya mwanangu!" akapiga kelele Mwalimu. "Nilimchapa kwa kuipoteza!"

Wakairudisha pembeni, wakaunganisha upya. Safari hii, DU! Bi Somoe aliisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Du-ndu, du-ndu! Vikombe kabatini vikaamkiana.

Athumani akainama, sikio karibu na tundu.

"Ngoma ipo, sikatai," Ismaili akasema, kichwa upande. "Lakini wapigaji siku ile walikuwa tele. Nani kasema huyu ni wewe?"

Kabla hajajibiwa, ngoma kubwa ikakatika. Chapuo likabaki likikimbia peke yake kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Vigelegele vikapasuka, kisha ngoma ikarudi mbiombio, ikitafuta pa kuingilia.

"Hapo! Mpigaji kakosea!" Ismaili akaruka, halafu akajiziba mdomo kwa mkono.

Bi Somoe alikuwa ameshajifunika uso kwa kanga. Alikuwa amesahau kabisa! Siku ile ya harusi aliingia uwanjani mwenyewe, mama wa bibi harusi, akamfuta mumewe jasho kwa pindo la kanga mpya, akamziba macho.

"Umenikosesha mapigo mbele ya wakwe," Athumani akasema polepole.

"Nami nikabaki na chapuo langu, nikikutukana wewe na ukoo wako!" Ismaili akacheka hata akakaa chini.

"Basi mpigaji ni nani?" akauliza Bi Somoe ndani ya kanga.

"Ni huyu huyu mkosaji, shemeji. Nimeshindwa. Mwalimu, rudisha nyuma, tumsikie tena akikosea."

Mwalimu akarudisha.

"Mama Halima," Athumani akasema, "jibu nimelipata. Nirudishie Nanyamba yangu."

"Umechelewa. Nimeshaila."

Athumani akasogeza kigoda karibu, akaweka vidole vyake vilivyopinda juu ya sanduku, akaanza kugonga, kwanza kwa kujaribu, kisha sawia na ngoma. Walipofika pale ngoma ilipokatika, vidole vikasimama. Akamtazama mkewe, akangoja afutwe jasho.