Zebaki Iliyomfuata Jafari

"Mama Oliva, maji yako yameingia kwangu tena," alisema Jafari, kopo mkononi. "Safari hii yamelala kitandani."

"Hayo si maji, ni zebaki," alijibu Bibiana huku akichambua kisamvu. "Na si yangu. Imekufuata wewe, Baba Mujibu. Mgeni wako, mtandikie."

Kitangari nzima ilishaijua habari hiyo. Kila asubuhi tangu mvua zianze, matone ya zebaki yalipanda kuta za kisima cha saruji ambamo Bibiana hukinga maji ya bati, yakapita chini ya uzio kwa mstari kama siafu, yakaingia kwa Jafari. Kwa mwingine hayakwenda. Jafari ndiye msimamizi wa chujio la moshi kwenye mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kule bondeni, njia ya Masasi. Watu walichobishania ni kama matone hayo hupiga hodi au huingia tu.

Jafari akasema, mbele ya watu, kwamba Bibiana alikinga mvua ya kwanza. Huko uwandani hilo ni tusi. Hata mtoto anajua mvua ya kwanza huachiwa ioshe bati. Bibiana akamjibu kwamba aliachia tatu, na ya nne nayo ikaja na moshi wake. Akauliza chujio liliwashwa lini mara ya mwisho.

Jafari akalitazama kopo alimoikusanyia zebaki. Liliwashwa siku ya wakaguzi, mwezi wa tatu. Jana yake alikuwa ameipeleka zebaki mtamboni, akamweleza bosi kwamba inataka kurudi kwenye chujio. Bosi aliitumia kama kioo, akanyoa ndevu, akasema chujio linakula umeme, wasubiri wakaguzi.

Oliva, binti wa Bibiana, mwenye mimba ya miezi minane, akatoka na kata, akachota kisimani, akanywa. Daktari alishamkataza maji yale. Hakumwambia anywe yapi.

Jafari akainamisha kopo kisimani. Zebaki haikudondoka. Ilipanda mkono wake, ikajikusanya katika mfuko wa shati, ikatulia. Bondeni moshi ulikuwa unapanda kama jana.

Bibiana akaepua sufuria.

"Maneno yametosha. Vua ndala, Baba Mujibu, karibu ndani tule. Ugali huu nimeusonga kwa maji ya kisima hicho hicho."